Mbuzi Watano wa Bi Somoe

Mimi nina hasira za karibu. Mume wangu Elisha, anayeendesha winchi bandarini, husema nikiwa jikoni hata sufuria zinaniogopa. Zamani nilikuwa nacheka akisema hivyo. Siku hizi sicheki.

Jina langu Agnes, lakini hapa Mtwara wananiita Mama Faraja, kwa jina la binti yangu. Kwetu ni Njombe. Nimeishi mji huu miaka kumi na mmoja, na saba kati ya hiyo napika kwenye shughuli za watu: kipaimara, ubatizo, mahafali, semina za maofisini. Nina masufuria makubwa kumi na mawili, maturubai mawili, na fulana za njano zenye jina la biashara mgongoni. Kitu kimoja tu sikuwa nimekipata. Sikuwahi kupika harusi ya wenyeji, harusi yenyewe ya mtaa wa Chikongola, ya mikeka na masinia. Huko hawakodi mpishi. Wanawake wa mtaa hukusanyika wenyewe, huyu na sufuria yake, yule na mwiko wake, wanapika huku wanaimba na kusengenyana mpaka kunapambazuka. Ukileta mpishi wa kulipwa, tena wa bara, tena Mkristo, umewaambia majirani zako usoni kwamba hawajui kupika.

Bi Somoe akanichukua mimi. Anauza viungo soko la Chikongola, na iliki yangu yote nimenunua kwenye meza yake tangu naanza kazi. Alipokuwa anamwoza binti yake wa mwisho akaniambia, "Mama Faraja, miaka thelathini napikia harusi za watu, mgongo umekwisha. Hii utapika wewe, na mimi nikae nivae kanga mpya kama mama mwenye shughuli." Wifi yake, Bi Esha, alinuna wiki nzima. Wanawake wa mtaa wakasema haya, tutaona. Na wakwe walikuwa wanatoka Mikindani, watu wa dini na wenye macho, wakiongozwa na shangazi wa bwana harusi ambaye Bi Somoe mwenyewe alikuwa akimtaja kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo nilijua nimebeba nini. Nikiharibu sijiharibii peke yangu. Ninamuumbua Bi Somoe mbele ya wakwe zake, siku ya binti yake, mbele ya majirani aliowaweka kando kwa ajili yangu.

Nikajipanga mpaka mwenyewe nikajisifu. Mbuzi watano nilinunua Mahurunga, wanono. Walilala uani kwangu Ijumaa. Mchinjaji alikuwa Ismaili, kijana wa Chikongola anayejulikana na kila mtu, aje kwangu alfajiri mara baada ya swala. Maana nchi hii hata mtoto wa darasa la pili anajua: shughuli ikiwa na Waislamu, achinje Mwislamu. Hata harusi zetu za kanisani tunafanya hivyo, ili kila mgeni ale moyo wake umetulia. Ni jambo la kawaida kiasi kwamba hatulisemi tena.

Mimi na msaidizi wangu Madalena tukatangulia kwa Bi Somoe kuwasha majiko. Madalena ni Mmakonde wa Mahurunga, wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na kwa pilau sijaona mwenzake. Nyumbani nikamwacha shemeji yangu Gideoni, mdogo wake Elisha, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, amekuja kwetu kutafuta maisha. Kabla sijaondoka nilimsimamisha mlangoni nikamnyooshea kidole.

"Saa moja nyama iwe kwa Bi Somoe. Isipofika, usikanyage tena kwangu. Na usinipigie simu na visingizio vyako, leo sitaki kusikia upuuzi wa mtu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shemeji," akasema.

Saa moja na dakika tano kirikuu, kile kigari cha mizigo, ikaingia na nyama, imekatwa vizuri, imefunikwa. Nikamwambia Gideoni, "Unaona? Ukitaka unaweza." Basi, kazi ikaendelea.

Ilipokaribia saa sita mchana pilau ilikuwa inanukia mtaa mzima. Wanaume walikuwa wanajiandaa kwenda msikitini. Ndoa ingefungwa baada ya adhuhuri na chakula kiwe saa nane. Nilikuwa nakata kachumbari, najisikia raha, naimba hata. Mara Ismaili akaingia uani, kanzu imekunjamana, macho mekundu.

"Mama Faraja, nisamehe sana. Mke wangu kashikwa uchungu usiku, nimekesha naye hospitali, simu ikazima chaji. Kajifungua salama, mtoto wa kike."

"Hongera baba! Mungu amkuze."

"Amina. Sasa asubuhi mlimpata nani awachinjie?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania. "Si wewe?"

"Mimi? Mimi ndiyo natoka hospitali sasa hivi, sijafika hata nyumbani kwangu."

Kisu kikasimama juu ya nyanya. Nikajisikia nasema, bila hata kufikiri, "Basi Gideoni atakuwa alimpata mtu mwingine." Ismaili akashukuru Mungu, akasema alikuwa na wasiwasi sana, akatoka kuwahi msikitini.

Nikageuka. Madalena alikuwa ameacha kukoroga. Mwiko ameushika hewani, mvuke unampiga usoni, hasogei.

"Dada," akasema polepole, kwa lafudhi yake ya Kimakonde, "nenda kamuulize huyo ntu."

Gideoni alikuwa anapanga viti chini ya turubai. Nikamvuta shati mpaka nyuma ya choo.

"Asubuhi nani kachinja?"

Akaangalia viatu vyake. "Kwani shemeji, nyama ina tatizo?"

"Gideoni, nimekuuliza nani kachinja wale mbuzi!"

"Mimi."

Mama yangu! Wageni mia tatu. Masufuria kumi ya pilau. Shangazi wa Mikindani. Nikashika ukuta wa choo cha watu, mimi, na usafi wangu wote.

"Hukujua?" nikauliza. "Kwani hukujua kwamba achinje Mwislamu?"

"Nilijua."

"Ulijua!"

"Nilijua, shemeji. Ismaili hakuja, simu yake haipatikani. Nikaishika simu yangu nusu saa nzima nataka kukupigia. Ukanijia machoni na kile kidole. Nikaona..." Akaangalia tena viatu vyake. "Nikaona afadhali nichinje kuliko kukupigia."

Hakusema kwa ubishi. Alisema kama anavyosema mgonjwa akiulizwa na daktari panapouma. Na mimi niliyekuwa nimeinua mkono nimzabe kibao, nikaushusha, kwa sababu nilielewa. Mtu mzima mwenye ndevu ameniogopa mimi kuliko alivyoogopa kuwalisha watu mia tatu kitu wasichokitaka. Hilo lilinishtua kuliko hata mbuzi.

Nikarudi jikoni nikakaa juu ya gunia la mkaa. Madalena hakuuliza, alinisoma. Akafanya ishara ya msalaba.

"Nnungu wangu," akasema. Halafu akanong'ona, "Tuko watatu tu, dada. Watatu tu tunaojua."

Sitajifanya malaika hapa. Nilifikiri. Nilikaa juu ya lile gunia nikafikiri kweli kweli. Pilau imeiva, iliki haina alama ya nani kashika kisu. Watakula, watanisifu, watajilamba vidole, mwezi ujao nitapika harusi nyingine na Ismaili atachinja, na haya yatakufa pamoja nasi. Nilishafika mahali pa kusema "Madalena, pakua." Neno lilikuwa mdomoni.

Hapo ndipo nikasikia sauti upande wa pili wa uzio wa makuti. Ilikuwa ya mwanamke, kavu, ya mtu asiyezoea kubishiwa. "Huyo mpishi wenu, nasikia si Mwislamu. Nyama kachinja nani?"

Na Bi Somoe akajibu, huku anacheka kidogo, "Mkwe wangu, kachinja Ismaili, wa mtaa huu huu. Na huyu mama namjua miaka saba. Kuleni bila wasiwasi, dhamana ni mimi."

Nikasimama. Nikamfuata Bi Somoe, nikamshika mkono, nikamwingiza chumba cha stoo kilichojaa magunia ya mchele, nikafunga mlango. Alikuwa amevaa kanga mpya, wanja machoni, amependeza. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja. Ismaili, Gideoni, kidole changu. Sikuficha hata lile neno lililokuwa mdomoni.

Nilitegemea apige kelele. Bora angepiga kelele. Alinitazama tu, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyeamshwa usingizini akakuta nyumba si yake.

"Mbuzi wote?" akauliza.

"Wote watano."

Akajifuta midomo kwa ncha ya kanga, taratibu. Wanja ukaanza kuchuruzika upande mmoja. "Mimi nimemwambia dhamana ni mimi," akasema. "Sasa hivi. Sekunde hii hii nimemwambia."

"Nimesikia, Bi Somoe. Ndiyo maana..."

"Nyamaza. Saa ngapi?"

"Sita na robo."

"Pilau yako yote, sufuria zako, miiko, masinia, visu, nje ya geti. Kisibaki hata kijiko. Halafu urudi." Akafungua mlango. "Urudi."

Akatoka miguu mitupu. Nilimwona akivuka barabara, mama mwenye shughuli, kanga mpya inaburuza kwenye vumbi, anakwenda kugonga mlango wa Bi Esha, wifi aliyenuniana naye. Sijui waliongea nini mle ndani. Najua tu kwamba mimi, Madalena na Gideoni tulibeba sufuria kumi za moto mpaka kwenye kirikuu, na mtaa mzima umetoka kuangalia. Watoto wanauliza, "Mama, pilau inakwenda wapi?" Nilitamani ardhi ipasuke. Gideoni akaendesha kupeleka chakula kwa wanakwaya wa kanisani kwetu, nami nikabaki nimesimama kando ya vyombo vilivyobaki, vimerundikwa mtaroni.

Bi Esha akaja na wanawake kama ishirini. Kila mmoja na sufuria yake kichwani. Alipita mbele yangu, akaangalia fulana yangu ya njano kuanzia juu mpaka chini.

"Makubwa," akasema. "Yaani makubwa!" Halafu akaangalia jua, akapiga makofi mawili. "Haya, tumebaki na saa moja na nusu. Wewe na wewe, bodaboda mpaka feri kwa wavuvi, nguru, mkikosa nguru leteni changu. Wewe nazi. Mchele uoshwe. Moto uko wapi, jamani, au nao kachinja Mkristo?"

Wakacheka. Walicheka kwa nguvu, na mimi niliyekuwa natafuta pa kuficha uso nikajikuta karibu nicheke, kisha karibu nilie.

"Nipeni kazi," nikasema. "Nitakuna nazi. Nitaosha samaki."

"Chakula hugusi," akasema Bi Esha. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema mwenye duka kwamba sukari imekwisha. "Wewe chota maji."

Basi mimi, mwenye masufuria kumi na mawili, nikachota maji. Bomba liko nyumba ya nne. Nikageuza fulana ndani nje ili jina lisionekane, nikashika ndoo mbili, Madalena mbili. Tulikwenda na kurudi sijui mara ngapi. Kila nikiingia uani namtafuta Bi Somoe kwa macho. Alikuwa kwenye jiko la mwisho, amejifunga kanga kiunoni, anakoroga wali wa nazi na ule mgongo wake uliokwisha. Hakunitazama hata mara moja. Siku aliyotaka akae kama mama mwenye shughuli, nilikuwa nimemrudisha kwenye moshi.

Saa nane na dakika ishirini wali ulikuwa tayari, na nguru wa kukaanga, na mbaazi za nazi. Wanaume walikuwa wamerudi kutoka msikitini, ndoa imefungwa, wamekaa mikekani. Watu walikuwa wanatazamana. Walikuwa wamenusa pilau asubuhi nzima, sasa wananusa samaki. Minong'ono ilianza kupanda kama maji yanayochemka. Bi Somoe akaniita kwa kidole.

"Utasema mwenyewe," akaniambia. "Kwa maiki. Kabla hawajanawa mikono."

Mshereheshaji akanipa maiki. Spika ikapiga mluzi. Ninaweza kumfokea mtu yeyote, wa kwetu au wa mbali, lakini sikujua kwamba kusimama mbele ya watu mia tatu wanaokungoja ni kazi namna ile. Nikasema jina langu. Nikasema mimi ndiye mpishi, nyama ya leo haikuchinjwa na Mwislamu, kosa ni la kwangu, na nyama yote imeondolewa pamoja na vyombo vyake. Nikasema Bi Somoe hakujua. Nilisema hilo mara mbili.

Mzee mmoja akasema, "Subhanallah," kwa sauti ndogo, ikasikika mpaka barabarani.

Upande wa wanawake akainuka shangazi wa Mikindani. Mrefu, buibui jeusi, tasbihi mkononi. Hakuniangalia mimi kabisa.

"Nani aliyemleta mwanamke huyu?" akauliza.

Nilitaka kujibu. Nilitaka kusema nimejileta, nimebembeleza, nimedanganya, chochote, ili lisimwangukie yeye. Bi Somoe akaja akanitoa maiki mkononi. Ananukia moshi na nazi, wanja umemchafua shavu, magamba ya samaki kwenye kanga mpya.

"Nimemleta mimi," akasema. "Na nikakwambia kachinja Ismaili, kwa kuwa ndivyo nilivyojua. Kama ni aibu, ni ya kwangu kabla ya yake. Na lingine mlijue." Akawageukia wageni wote. "Asubuhi nimepita jikoni nikatiwa maini kwenye kisahani. Nimekula mimi, na nikampelekea mama yangu ndani, naye kala. Katika watu wote hapa, waliokula nyama ile ni mimi na mama yangu. Ninyi haijawafika."

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa! Saa mbili asubuhi, chai, maini ya kukaanga na pilipili, mimi mwenyewe nimemtilia kwa mkono wangu huu, nikamwambia onja mwenzangu uone. Alikuwa analijua tangu pale stoo. Alivuka barabara analijua, akakoroga wali analijua, saa mbili nzima, na hakunitupia neno. Nikakaa chini pale pale mbele ya wageni, nikaweka uso kwenye mikono, nikalia kwa sauti kama msiba.

Nilimsikia shehe aliyefungisha ndoa akisema kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi. Halafu ile sauti kavu ya shangazi, "Mkwe, kaa kwanza upumzike, umechoka. Leteni hayo masinia, samaki watapoa."

Nilipata kusimama baadaye, watu wakishaanza kula, nikamfuata Bi Somoe uani. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajipepea.

"Kwa nini hukuniambia habari ya maini?" nikamuuliza. "Pale stoo, kwa nini hukuniambia?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu saa sita na robo. Hakutabasamu.

"Ningekuambia ungeanza kulia, Mama Faraja. Na mimi nilikuwa na shida na mtu wa kuchota maji." Akainuka, akaigeuza ile ndoo, akanisukumia kwa mguu. "Wageni watataka kunawa. Nenda."

Nikaichukua ndoo, nikaenda.